Kesi ya Samaki Kwenye Bomba la Bichi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya bomba, sogeeni. Mimi nimestaafu. Najua mnacheka, maana ndevu zangu mtu anaweza kuzihesabu akiwa ng'ambo ya barabara, na mama yangu bado ananituma chumvi dukani. Chekeni tu. Kustaafu hakuhitaji mvi. Kustaafu ni pale kazi inapoendelea vizuri bila wewe, na wewe unapita pembeni yake kila asubuhi ukijifanya una safari nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kutia dawa kwenye maji. Bomba letu liko bichi, yaani ufukweni mwa ziwa, pale yanapofikia maboti ya Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, na yale ya ng'ambo, Kongo, karibu kabisa na meza za samaki. Nilisimama hapo na chupa ya klorini na seringi isiyo na sindano. Ndoo ikijaa, nilivuta dawa mpaka kwenye alama, nikaimimina, nikasema, "Mama, ngoja nusu saa ndipo unywe." Maneno hayo niliyasema mara nyingi kuliko jina langu. Siku hizi kuna kikopo cha plastiki kimefungwa kwenye bomba, kinadondosha dawa chenyewe. Kikopo hicho hakichoki, hakiombi ruhusa ya kwenda msibani, na hakioni haya mbele ya wanawake. Kwa hayo matatu kilinishinda, ingawa bado kinawahitaji ninyi wa kukijaza na kupima.

Mimi ni mtu wa haya. Nyumbani tunasema Kibemba, na hata kwa Kibemba sisemi sana. Lakini pale bombani lazima useme Kiswahili, kwa sababu wanunuzi wa samaki wanatoka Kongo, na mama wa Kikongo akikuuliza jambo hapendi kujibiwa na vidole vya miguu vinavyochora mchanga. Mimi nilichora mchanga mwingi sana. Mtu angeweza kupanda mihogo kwenye mifereji yangu.

Kitu cha kwanza: vaeni nguo mbaya. Klorini haina heshima. Tone likiruka kwenye suruali, unafika nyumbani na doa jeupe, na kesho doa limezaa watoto. Nilianza kazi na suruali ya bluu, nikaimaliza na suruali ya kanga. Nasema kanga ndege, yule mwenye madoa. Siku moja kanisani mzee alinishika bega akaniuliza kwa upole kama huo ugonjwa wa nguo unaambukiza. Tangu siku hiyo nilikaa benchi la nyuma, na mpaka leo nalipenda benchi hilo.

Aliyenifundisha kazi ni Ba Mumba, na hilo 'Ba' kwetu ni la heshima. Alikuwa fundi wa pampu tangu zile pampu za mkono zinazolia kama punda, na alikuwa mzee kweli, si kama mimi. Ba Mumba alikuwa na pua. Alishika ndoo, akanusa mara moja, akasema, "Hii imetiwa dawa mara mbili," na kweli tukimuuliza mwenye ndoo anasema alitia na yake nyumbani. Mimi nami nikataka pua kama hiyo. Nikawa nanusa kila ndoo. Baada ya wiki moja nikamwambia Ba Mumba kwamba dawa imeisha nguvu, sisikii harufu yoyote.

Akaninusia chupa. Akarudi nyuma hatua mbili, machozi yanamtoka.

"Dawa iko nzima," akasema. "Pua yako ndiyo imekufa. Nenda ukanuse samaki."

Nikaenda kwenye meza za chisense, wale dagaa wetu wadogo, nikainama juu ya lundo lililoanikwa, nikanusa. Hakuna. Nikainama zaidi. Mama mwenye meza akanipiga na ufagio akidhani nala bidhaa zake. Basi sikilizeni: pua ya mtia dawa inazoea, na ikizoea inakuwa mwongo. Ndiyo maana kuna kidonge cha kupimia. Unatia kidonge kwenye kichupa cha maji, maji yakigeuka rangi ya pinki, dawa imo. Pinki hafifu ni nzuri. Pinki ya kama kitenge cha harusi, umezidisha. Yakibaki meupe, hakuna dawa, rudi mwanzo.

Na hayo maji ya pinki, yafiche. Hapa namwingiza Ba Kasongo, mwenyekiti wa bichi. Yeye ndiye anayeamua ugomvi wa nyavu, wa meza, na wa nani alimkanyaga nani kwenye boti. Ni mtu wa haki kabisa, ila hawezi kupita karibu na chakula bila kukisalimia. Siku moja nilipima maji kwenye glasi kubwa, kwa sababu kichupa kilikuwa kimepasuka. Nikaiacha glasi ukutani nikaenda kufunga bomba. Kurudi, Ba Kasongo ameishika, tupu, anapangusa masharubu.

"Iwe, wewe Chanda," akaniambia, "juisi yako nzuri, lakini sukari umesahau."

Nikachora mchanga. Ba Mumba ndiye aliyemwambia ni maji ya kupimia. Ba Kasongo akakaa chini polepole kama mtu anayeteremshwa kwa kamba.

"Nitakufa?"

"Hapana, mukwai mwenyekiti. Lakini usirudie. Kile kidonge si cha kunywa."

"Nitageuka rangi?"

Ba Mumba alikuwa mtu mzuri lakini si mtakatifu. Akasema, "Tutaona." Ba Kasongo alishinda siku nzima anajitazama ulimi kwenye kioo cha pikipiki, na mwenye pikipiki alikosa abiria wote.

Sasa niwaambie kesi yenyewe, maana huwa mnaisikia kwa watu ambao hawakuwepo.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Mnajua mvua ikianza hapa kwetu inakuja na nani. Inakuja na kolera. Maji ya juu yanashuka na kila kitu yalichokikuta njiani, yanaingia ziwani, na watu wanachota palepale. Ndiyo maana bomba liliwekwa bichi. Lakini ofisi ya maji ilikuwa imetuambia wazi: bomba hili ni la majaribio, na lisipotumika litang'olewa lipelekwe soko la juu, ambako watu wanalililia. Kwa hiyo mimi sikulinda maji tu. Nililinda bomba lisiende zake.

Siku hizo kulikuwa na mnunuzi anaitwa Mama Feza. Alitoka ng'ambo akiwa kijana, akazeekea kwenye meza za samaki, na sauti yake ilifika Kilwa kabla ya boti. Mgongoni alibeba mjukuu wake, mtoto mnene mwenye kikombe chake cha bati. Mama Feza alijua samaki kama padri anavyojua misa. Kulikuwa na mpishi wa gesti mmoja ambaye hakukubali samaki tunaowaita pale, yaani perege, wakiwa wamekufa, alitaka wanaoruka. Kwa hiyo Mama Feza aliwaweka pale wake hai kwenye karai kubwa la maji ya ziwa mpaka mpishi afike.

Asubuhi moja mpishi alichelewa, jua likawaka, maji ya karai yakapungua. Mama Feza akaona ndoo ya rafiki yake imejaa pale bombani, imeshatiwa dawa, inangoja nusu saa yake. Akaibeba, akaimwaga yote kwenye karai, akarudisha ndoo tupu, akaendelea kupiga soga.

Mpishi alipofika, pale wote walikuwa wamelala chali, matumbo meupe juu, wametulia kama watu waliosikia mahubiri marefu.

Wadogo zangu, klorini inaua vidudu vidogo, na samaki anapumua maji yenyewe, anayapitisha kwenye mashavu yake mchana na usiku. Dawa isiyokusumbua wewe tumboni inamchoma yeye pumzi. Ukitaka kuweka samaki kwenye maji ya bomba, yaache kwanza juani siku nzima dawa itoke. Ba Mumba alilijua hilo. Mimi nililijua. Lakini Mama Feza alishashika pale mmoja kwa mkia na kupanda juu ya meza.

"Batu ya bichi, mukuye muone!" akapaza sauti. "Huyu asubuhi alikuwa muzima. Alikuwa anaruka! Nilimutilia mayi ya bomba, njo huyu! Samaki alizaliwa mu mayi, anakula mu mayi, analala mu mayi. Kama hii mayi inamuua yeye, mwenye mayi, weye mutu ya inchi kavu itakuachia?"

Ilikuwa hoja nzuri sana. Hata mimi nilitazama seringi yangu kwa wasiwasi.

Na hapo kwetu ndipo ilipokuwa hatari. Mahali pengine ungesema, samaki ni samaki. Lakini kwetu samaki ndiye anayetulisha, anayetuvisha, anayetulipia shule. Samaki akisema maji ni mabaya, nani atamsikiliza kijana mwenye suruali ya kanga?

Siku ileile watu waliacha bomba. Wanawake walinipita na ndoo zao mpaka ziwani, wengine wakizunguka mbali kana kwamba nitawarukia na seringi. Watoto wakaniita Muua-Pale. Aliyekuja bombani ni mbuzi mmoja tu, akanywa, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Na kila mara nilimwona yule mjukuu wa Mama Feza na kikombe chake cha bati. Bibi yake alikichovya ziwani, mtoto akanywa, akatikisa miguu kwa furaha. Nilitaka kwenda kumwambia bibi yake. Nilienda kweli. Nilifika mpaka kwenye meza yake, nikafungua mdomo, nikanunua samaki.

Ofisi ya maji ikasikia. Wakatuma ujumbe: Ijumaa fundi anakuja na spana.

"Niseme nini, Ba Mumba?" nikamuuliza. "Nikimwendea ananipigia kelele."

"Usibishane na mtu mwenye mzigo kichwani," akasema. "Ngoja autue mwenyewe."

"Na asipoutua?"

"Shingo itamuuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yetu yote.

Ba Kasongo ndiye aliyeita kesi, si kwa sababu ya afya, bali kwa sababu kelele za Mama Feza zilikuwa zinafukuza wanunuzi. Akaweka kiti chake mbele ya bomba. Watu wakajaa, wengine wakapanda kwenye maboti ili waone. Mama Feza akaleta makarai mawili. La kushoto alichota maji ya ziwa mwenyewe. La kulia tulijaza maji ya bomba, nikatia dawa mbele ya watu wote.

"Chanda, anza wewe," akasema Ba Kasongo. "Jitetee."

Nikasimama. Nikasema, "Maji... haya... ni mazuri." Nikakaa.

Mtu akapiga kelele kutoka kwenye boti, "Alikunywa klorini ikamumaliza sauti!" Kicheko kikaenda mpaka ziwani kikarudi.

"Bon," akasema Mama Feza, akakunja mikono ya blauzi. "Samaki basema benyewe."

Akaanza na chisense. Akatia wachache karai la kulia, wachache karai la kushoto. Chisense, kama mnavyojua, ni samaki anayekufa ukimtazama vibaya. Kabla watu hawajatulia, wa kulia wakafa. Watu wakaguna. Mara wa kushoto nao wakafa.

"Sasa?" akauliza Ba Kasongo.

"Chisense haina akili," akasema Mama Feza. "Tuitoe mu kesi."

"Lakini imeshasema!"

"Imesema upumbafu. Toa!"

Wakatolewa. Akatia pale, mmoja kila upande. Tukangoja. Muuza vitumbua akauza vyote. Wa kushoto alizunguka karai kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Wa kulia alianza kupumua juujuu, akaegemea ubavu, akageuka tumbo.

"Vwala!" Mama Feza akageukia watu. "Munaona? Munataka nini ingine?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikatafuta shimo la kuingia, lakini mchanga wa bichi hauna shimo linalosimama. Ba Mumba akainuka taratibu.

"Bamayo, naomba shahidi mmoja. Kambare kutoka kwenye karai lako la kuuzia."

Mama Feza hakukataa, kwa sababu alijivunia kambare wake kuliko watoto wake. Akatoa mmoja mkubwa, mweusi, masharubu kama ya gavana, akamtupa kwenye maji ya bomba. Tukangoja. Kambare akatulia. Akapandisha pua, akavuta hewa ya juu kama kawaida yake, akashuka. Hakufa. Tukangoja tena. Ikawa kama amehamia.

"Basi huyu anasema maji ni mazuri," akasema Ba Mumba.

"Huyu ni kichwa ngumu! Kambale anaishi ata mu matope. Mutie mu petroli, ataomba sigara."

"Kwa hiyo samaki anaweza kuishi vizuri mahali pachafu?"

"Nilisema kambale. Shikusema samaki."

"Kambare si samaki?"

"Ni samaki, lakini... eko na tabia yake!"

Watu wakaanza kubishana, nusu wakisema kambare ni samaki, nusu wakisema ni mnyama aliyepotea njia. Kambare mwenyewe, labda aliposikia anatukanwa, akajikunja, akaruka nje ya karai, akaanza kutambaa mchangani kuelekea ziwani.

"Shahidi anakimbia kesi!"

Akapita katikati ya miguu ya watu. Mwanamke mmoja akaruka juu ya meza, meza ikavunjika, mbuzi akalia. Kambare akaingia chini ya kiti cha Ba Kasongo. Ba Kasongo, bila kufikiri, akainama, akamshika chini ya mapezi kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo, akamlaza mapajani. Hapo akampima uzito kwa mikono. Akambonyeza mgongo. Nikaona macho yake yakilainika, nikajua kesi imeshamtoka kichwani na chakula cha jioni kimeingia.

"Mama Feza," akasema kwa sauti ya chini, "kitu kinene hivi unakitoa wapi?"

Muulize Mama Feza kuhusu samaki, hata kama nyumba yake inaungua atakujibu.

"Aa, papa mwenyekiti! Ile ni siri yangu, lakini weye nitakuambia." Akasogea, na sauti yake ya siri ilisikika na wote. "Bale ba katikati ya ziwa bananikondea. Banafunga njaa kule. Miye ninawaambia bavuvi, mutege nyuma ya kambi, kule mu matete. Kule njo kambale beko kama mapaja yako. Juu ya nini? Kule chakula inawafikia yenyewe! Asubuhi mapema, kila siku, mvua, jua, batu bote ba kambi banaenda kule nyuma, bana..."

Akakatisha hapo.

Sasa kambi ya wavuvi, kwa wale wasioijua, haina choo. Mchanga wa pwani yetu ni mlaini, ukichimba shimo leo, kesho limejifunika. Kwa hiyo kila mtu wa kambi akiamka anajua njia ya kwenda nyuma, kwenye matete, na kila mtu aliyesimama pale bichi alishawahi kuipita njia hiyo.

"Bana nini, Mama?" sauti ikauliza kutoka kwenye boti.

"Banapita," akasema Mama Feza.

"Banapita wanaenda wapi?"

"Banatembea tu."

"Na kambale banakula kutembea?"

Hapo ndipo watoto waliposhindwa kuvumilia. Wakataja kile chakula kwa jina lake, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwa pamoja, kama kwaya. Ba Kasongo akamtazama kambare mapajani mwake. Akatazama mikono yake. Akamwinua kwa vidole viwili, akamweka chini kwa heshima, akajifuta kwenye kiti, kisha akakiangalia kiti.

Hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wanatazama karai la kushoto. Pale aliyebaki alikuwa bado anazunguka humo, mnene, mwenye afya, amefurahi.

"Haya maji ya kushoto," Ba Mumba akauliza polepole, "yamechotwa upande gani?"

Mama Feza akatazama upande wa matete. Alikuwa amechota upande wa kambi, kwa sababu ndio ulio karibu, na wote tulimwona. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo ya maji ya ziwa kichwani akainua macho kuitazama, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka kwenye kofia yake. Akaishusha taratibu, akaimwaga pembeni. Mwingine akamwaga. Mama Feza akapeleka mkono mgongoni bila kugeuka, akakichukua kikombe cha bati mdomoni mwa mjukuu. Mtoto akaanza kulia. Akamwacha alie.

"Samaki yangu balikufa," akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia. "Ile shitasahau."

"Pole, Mama," nikasema. Maneno mawili tu, lakini yalitoka yenyewe, na macho yangu hayakuwa mchangani.

Akanitazama. "Kumbe unasemaka?"

"Kidogo."

"Kesi imeisha?" akamuuliza mwenyekiti.

"Imeisha."

"Nani alishinda?"

Ba Kasongo akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, kama nilivyosema. "Samaki," akasema. "Wameshinda. Wabaki na maji yao."

Nawaambia hivi, wadogo zangu, kwa sababu mtakutana na Mama Feza wenu. Atakuwa na hoja nzuri kuliko yenu na sauti kubwa kuliko yenu, na atakuwa ameona kwa macho yake kitu kilichokufa. Msimwambie hakuona. Aliona. Muulizeni tu yule samaki anapenda kuishi wapi, halafu mngoje.

Ijumaa ikafika, na fundi naye akafika. Kumbe hakuna aliyekumbuka kupeleka habari ofisini. Alikuwa mtu mrefu, mgeni, na spana ya mabomba begani kama bunduki. Akakuta foleni imeanzia bombani, imepita meza za chisense, imezunguka jiko la muuza vitumbua, na mwisho wake hauonekani. Akaanza kupita pembeni kwenda mbele. Mama Feza alikuwa wa tatu, mjukuu mgongoni.

"We papa! Unaenda wapi?"

"Bombani, mama. Nimetumwa kulitoa."

"Muzuri sana. Panga laini."

"Mama, mimi ni fundi."

"Fundi ni mutu ao si mutu?"

"Ni mtu."

"Batu banapanga laini. Enda nyuma."

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Alikuwa na spana, lakini wao walikuwa na ndoo, na walikuwa wengi. Akaenda nyuma. Nilimwona akisogea kidogo kidogo juani, nyuma ya mama mwenye bidon nne, yale madumu ya maji, akihamisha spana bega hadi bega. Mtu akimuuliza anasubiri nini anasema, "Nasubiri zamu yangu nilitoe bomba," na mtu anamwambia, "Haya, usiruke mutu."

Alipofika mbele, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akageuka akaitazama foleni nyuma yake, ambayo ilikuwa imerefuka kuliko alivyoikuta. Akalitazama bomba. Akanitazama mimi, nami nikiwa nimeshika seringi, nangoja chombo chake.

Mama Feza alikuwa amekaa kando juu ya ndoo yake, akilinda nusu saa yake kwa makini.

"Mama," fundi akamwita, "huna bidon ya kuniazima?"

"Niko nayo. Lakini ilikuwa ya samaki. Uioshe kwanza na muchanga."

Fundi akaweka spana chini, akaenda kutafuta mchanga.